Si Malazi: Istilahi Moja na Haki ya Mtoto Darasani

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri, yenye tarehe na saa ya kikao. Mama aliyeniletea alikuwa ameikunja mara nne na kuitia mkobani pamoja na vitambulisho vya watoto. Sentensi iliyomnyima usingizi ilisema kwamba shule ingependa kuzungumza naye kuhusu "malazi ya mwanao kutokana na ulemavu wake wa kujifunza".

"Mutoto wangu iko na fasi ya kulala," aliniambia. "Juu ya nini banataka kumulaza ku masomo?"

Mama huyu ni mzaliwa wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na sasa anaishi katika mji wa Marekani ambako mimi nafanya kazi ya ukalimani. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 9 na kusoma kulikuwa kumemshinda. Mama alikwisha kuamua kwamba hatakwenda kwenye kikao hicho, maana aliogopa kwamba akienda atarudi nyumbani bila mtoto. Barua iliyoandikwa ili kumpa haki ilikaribia kumfanya aikimbie, na sababu ni neno moja.

Neno lenyewe kwa Kiingereza ni akomodesheni. Lina maana mbili ambazo zimeachana siku nyingi. Moja ni mahali pa kulala mgeni, na ndiyo inayojulikana zaidi kwa watalii na wenye mahoteli. Hiyo kweli ni malazi. Nyingine ndiyo ya zamani, nayo inatokana na Kilatini: kukifanya kitu kilingane na kingine, kama vazi linavyokatwa kufuata mwili wa mvaaji. Katika sheria za ulemavu ni hii ya pili inayokusudiwa. Kinachobadilishwa ni mazingira, ratiba, kifaa au namna ya kufundisha. Mtu hubaki alivyo.

Historia yake inasaidia kuielewa. Katika sheria ya Marekani, istilahi hii haikuanza na ulemavu, ilianza na dini. Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo liliingiza katika sheria ya haki za kiraia sharti kwamba mwajiri apange kazi kwa namna ambayo mfanyakazi ataweza kutimiza ibada yake, mradi biashara isielemewe. Msabato, kwa mfano, abadilishane zamu ya Jumamosi na mwenzake. Mwaka uliofuata, 1973, ikapitishwa sheria ambayo kifungu chake cha 504 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu katika taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, shule zikiwemo. Kanuni za kukitekeleza kifungu hicho, ambamo istilahi hii ilitumika kwa ulemavu, zilicheleweshwa hadi Aprili 1977, pale watu wenye ulemavu walipoingia katika jengo la serikali mjini San Francisco na kukaa humo zaidi ya wiki 3, wengine bila dawa zao wala wasaidizi wao, mpaka kanuni zikatiwa saini. Naikumbuka habari hii kila ninaposikia mtu akiitafsiri istilahi yetu kwa neno "huruma" au "upendeleo". Watu wale hawakulala sakafuni kwa ajili ya kuhurumiwa.

Kutoka huko istilahi iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Ibara ya 2 inaeleza kwamba ni mabadiliko na marekebisho ya lazima na yanayofaa, yasiyomwelemea mtoaji kupita kiasi, yanayofanywa kwa ajili ya mtu fulani katika hali fulani ili afaidi haki zake sawa na wengine. Na kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Marekani yenyewe iliusaini mwaka 2009 lakini haijauridhia. Mzazi anayeishi huko hutegemea sheria za ndani.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Nimeona tafsiri nyingi, na kila moja ina kasoro inayomfikia mzazi moja kwa moja. "Malazi" tumekwisha kuiona. "Msaada" inaeleweka, na mimi mwenyewe niliitumia kwa miaka miwili, mpaka nilipogundua kwamba wazazi walikuwa wakijibu kwa kushukuru na kuondoka. Msaada hutolewa na mwenye nacho akipenda. Asipotoa huna la kumwambia. "Nafuu" ina upole, lakini humfanya mtoto aonekane mgonjwa, na pia husikika kama kulegezewa mtihani. "Uwezeshaji" limekuwa neno la semina, na siku hizi linaweza kumaanisha hata posho.

Lililobaki na nguvu ni "marekebisho". Watafsiri wengi wa maandishi ya haki hulitumia, wengine wakiongeza "stahiki", wengine "mwafaka". Kiingereza cha Uingereza kilifika hapohapo: sheria zao za 1995 na 2010 zinatumia neno lenye maana ya kurekebisha kidogo, na hazilitumii lile lenye harufu ya hoteli. Kifaransa cha Mkataba nacho kinatumia neno la kupanga upya nyumba au eneo. Kwa wazazi wa Kikongo waliosoma kwa Kifaransa, neno hilo hufungua mlango mara moja.

Kati ya "stahiki" na "mwafaka" mimi nachagua "stahiki", ingawa najua kwamba haitafsiri asili yake neno kwa neno. Kiingereza kinapima mzigo wa shule: je, inachoombwa ni cha kiasi? "Stahiki" inatazama upande wa mtoto: je, ni haki yake? Sheria ina pande zote mbili, na mzazi hahitaji kukumbushwa ule wa kwanza, kwa kuwa shule itamkumbusha.

Lakini hata "marekebisho" lina shida. Tunarekebisha kilichoharibika. Ukimwambia mama kwamba mwanawe anahitaji marekebisho, amesikia kwamba mwanawe ni mbovu. Kwa hiyo neno hili lisiachwe peke yake. Lazima liseme linarekebisha nini. Tusiseme marekebisho ya mtoto. Tuseme marekebisho ya njia: njia ya kumfundisha, njia ya kumpima, njia yake ya kujibu.

Nimelichagua neno "njia" kwa makusudi. Katika shule za Marekani yako mambo mawili ambayo karatasi za Kiswahili huyaita yote mawili marekebisho, na tofauti yake inaweza kubadilisha maisha ya mtoto. La kwanza ni kumfikisha mtoto kule kule wanakokwenda wenzake kwa njia nyingine: akae mbele, aongezewe muda, asomewe maelekezo kwa sauti, asikilize kitabu kilichorekodiwa, ajibu kwa mdomo badala ya kuandika, afanyie mtihani katika chumba tulivu. La pili ni kubadilisha kule anakokwenda: apewe maswali ya darasa la chini, asome sura chache, apimwe kwa kipimo chepesi. Hilo mimi naliita mabadiliko ya lengo. Kuna watoto wanaolihitaji kwa kweli, na kwao ni jambo jema. Lakini mtoto anayepunguziwa lengo mwaka baada ya mwaka anaweza kufika mwisho wa sekondari akakosa cheti cha kawaida. Mama aliyetia saini penye "marekebisho" akidhani ni kuongezewa muda, kumbe ni kushushwa kiwango, hakuridhia chochote. Saini yake ilichukuliwa na udhaifu wa tafsiri.

Watanzania wanaijua tofauti hii bila kuipa jina. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa, na wasioona hupewa za nukta nundu. Maswali hubaki yaleyale. Kilichorekebishwa ni njia. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu mahususi wa kusoma, hata hivyo, haonekani kwa macho kama hao. Macho yake yanaona, masikio yanasikia, anacheka na kutania. Herufi tu ndizo zinazomshinda. Huyo huitwa mvivu, mzito, kichwa kigumu, na hakuna anayefikiria kumwongezea dakika hata moja.

Ndiyo maana nusu ya pili ya ile sentensi, "ulemavu wa kujifunza", nayo inataka uangalifu. Jina la Kiingereza lilienea baada ya Samuel Kirk, mwanasaikolojia wa Marekani, kulitumia mbele ya wazazi waliokutana Chicago mwaka 1963. Wazazi hao walikuwa wakitafuta jina kwa watoto wenye akili timamu wasioweza kusoma au kuhesabu. Kwa Kiswahili, mama anaposikia "ulemavu" na "kujifunza" vikifuatana, huunganisha mwenyewe na kupata "ulemavu wa akili", yaani kinyume kabisa cha kile Kirk alichotaka kukitenga. Mimi husema "ugumu mahususi wa kujifunza", kisha naongeza sentensi moja: akili yake ni nzima, ila kusoma kunamtatiza kwa namna ya kipekee. Penye sheria, hata hivyo, sifichi neno ulemavu, kwa sababu ndilo linalobeba haki. Nalitamka na kulieleza.

Na kuna jina jingine la kuangalia. Mpango unaoandikwa kwa mtoto anayestahili elimu maalumu huitwa katika karatasi nyingi "Mpango wa Elimu Binafsi". Kwa mtu wa Afrika Mashariki shule binafsi ni shule ya kulipia. Baba mmoja aliniuliza ada ni kiasi gani. Hakuna ada, sheria ya Marekani ya elimu maalumu inasema elimu hiyo ni ya bure. "Mpango wa elimu wa mtoto husika" ni jina refu, lakini halimtishi mtu.

Ombi lenyewe si gumu kuliandika, na linaweza kuandikwa na mzazi kwa mkono wake. Lile ninalowasaidia wazazi kuandika huwa hivi:

"Mimi ni mama wa mtoto huyu wa darasa la tatu. Hadithi akisomewa anaielewa na kuisimulia, lakini mwenyewe hawezi kuisoma. Naomba, kwa mujibu wa sheria, afanyiwe tathmini ili ijulikane kama ana ugumu mahususi wa kujifunza, na kama anastahili elimu maalumu au marekebisho ya njia. Naomba nijibiwe kwa maandishi, na niwekewe mkalimani wa Kiswahili katika kila kikao."

Tarehe iandikwe, na nakala ibaki nyumbani. Baada ya mzazi kutoa idhini ya tathmini, sheria ya serikali kuu inaipa shule siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Maneno "kwa mujibu wa sheria" nayatia kwa sababu ya neno "naomba". Kwetu kuomba ni adabu, na siwezi kumshauri mama wa makamo aanze barua kwa "nadai". Lakini kuomba pia ni kunyoosha mkono barabarani. Maneno yale manne huilinda adabu, na kumwonyesha msomaji wa barua kwamba aliyeiandika anajua anachostahili.

Kwa mtoto wa mama yule kulikuwa na jambo la kutangulia. Kambini Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa nchi yao, kwa Kifaransa. Nyumbani ni Kiswahili. Sasa ni Kiingereza. Sheria inakataza mtoto kuhesabiwa kuwa na ulemavu endapo sababu hasa ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza au kukosa mafundisho. Kwa hiyo niliomba apimwe pia kwa Kiswahili. Akapimwa. Shida ilikuwepo katika Kiswahili kama ilivyokuwa katika Kiingereza.

Katika kikao, ambacho mama hatimaye alihudhuria, nilisomewa orodha ya mambo 6, nami nikamwambia mama kila moja liko upande gani. Matano ya kwanza yalikuwa njia. La sita lilisema hesabu zake zishushwe hadi za darasa la kwanza.

"Hilo ni lengo," nilimwambia.

"Hesabu anajuaka," alisema mama. "Ni kusoma njo kunamushinda."

Nilitafsiri. Mwalimu akatazama karatasi za hesabu za mtoto, akageuza mbili tatu, akaona kwamba alikosea tu yale maswali yaliyoandikwa kwa maneno. Akaufuta mstari wa sita na kuandika mwingine: maswali ya hesabu asomewe kwa sauti. Mama aliniomba nimsomee mstari huo mara ya pili, kisha akaandika jina lake.