Uwakili Ulivyozaliwa Upya Rwanda

Katika kilima cha Gisozi, jijini Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ukumbusho huo ulifunguliwa Aprili 2004. Kijana anayetaka kuwa wakili nchini Rwanda hawezi kupita hapo bila kujiuliza: je, waliotuhumiwa kwa mauaji hayo nao walistahili kutetewa? Swali hilo lilikuwa kizingiti cha taaluma yenyewe.

Wapenzi wanafunzi, tulitazame kwanza neno. Wakili, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake asimame mahali pake. Wanyarwanda humwita umwavoka, kutokana na Kifaransa. Waingereza wamezoea kuigawa kazi hii kwa watu wawili, mmoja akiandaa shauri ofisini na mwingine akilisimamia mahakamani. Kwetu Afrika Mashariki wakili mmoja hubeba yote mawili.

Baada ya mauaji, majaji na wanasheria wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, huku magereza yakifurika mahabusu zaidi ya 100,000. Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 iliwapanga watuhumiwa katika makundi manne kwa uzito wa makosa yao. Ilikiri kwamba mshtakiwa ana haki ya kutetewa, ila si kwa gharama ya serikali. Haki hiyo ilikuwa kama ufunguo usio na mlango, kwa maana nchi haikuwa hata na chama cha mawakili. Kesi ya kwanza ilifunguliwa Kibungo tarehe 27 Desemba 1996. Washtakiwa walisimama bila wakili, na tarehe 3 Januari 1997 wakahukumiwa kifo.

Sheria iliyounda chama cha mawakili, Urugaga rw'Abavoka, ilitolewa tarehe 19 Machi 1997, yaani baada ya hukumu hizo. Wale walioapishwa mwanzoni walianza kazi katika hali ambayo hakuna mwanagenzi angeichagua. Kumtetea mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari kulikuwa kujiweka mbele ya macho ya manusura, majirani na pengine ndugu zako mwenyewe. Wengi waliogopa, nami siwalaumu. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na mawakili wa kigeni walioletwa na shirika la Avocats Sans Frontières la Ubelgiji, ambao waliwatetea washtakiwa na pia kuwawakilisha waathirika. Shirika hilo lilifanya vyema kusimama pande zote mbili, maana manusura naye alihitaji mtu wa kumsemea.

Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani kwa hukumu za mahakama. Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2007.

Mahakama za kawaida zilielemewa. Ndipo zikaja gacaca, zilizojaribiwa kuanzia mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Humo mawakili hawakuruhusiwa kutetea. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya haki iliyotendeka Rwanda ilipatikana bila wao, jambo ambalo wanasheria wangali wanabishania.

Anayeanza leo hupitia njia iliyonyooka zaidi. Akimaliza shahada ya sheria, huenda Nyanza, mji wa wafalme wa zamani, kusomea utendaji wa sheria katika taasisi ya ILPD. Kisha hufanya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Kiswahili nacho, tangu 2017, ni lugha rasmi ya Rwanda. Na miongoni mwa watu ambao Urugaga huwatafutia mtetezi bila malipo ni watoto walioshtakiwa.