Jina la Mji

"Mjomba, timu yaitwa London, mbona haichezi London?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa kando ya Ziwa Basotu, simu mkononi mwake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2018 ilianza Overwatch League, ligi ya kulipwa ya mchezo wa kompyuta. Timu zilikuwa 12, karibu zote na majina ya miji, wachezaji sita kwa sita, kila mtu na kompyuta yake. London Spitfire ilikuwa mali ya kampuni ya Marekani. Wachezaji wake walikuwa vijana wa Korea ya Kusini, na mechi za msimu ule zikachezwa Burbank, California. Mwezi Julai, mjini New York, wakaishinda Philadelphia Fusion, wakatwaa ubingwa. Sifa zikaenda London!

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hapa kwetu lilikuwako shamba la ngano, mojawapo ya mashamba makubwa ya NAFCO yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Nalo liliitwa Basotu. Matrekta yalitoka ng'ambo, ngano ikapakiwa malori kwenda mbali, na Wabarbaig, waliokuwa wakichunga pale tangu zama za babu zao, wakapoteza malisho. Letu lilikuwa jina.

Ligi ile ilikufa mwaka 2023. Nilimuuliza mpwa wangu kama alikuwa shabiki wa London.

"Hapana, mjomba. Nilikuwa nawashangilia wale Wakorea."