Wanawake na Mitaji ya Ubia Marekani: Nani Anaamua?

Wako ndugu wanaodhani kwamba idadi ya wanawake katika vyombo vya fedha huongezeka yenyewe kadiri elimu inavyoenea. Historia ya mitaji ya ubia nchini Marekani inaikataa dhana hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mtaji wa ubia ni fedha zinazotolewa kwa kampuni changa, si kwa mkopo bali kwa kununua hisa. Nyingi ya kampuni hizo hufa. Moja ikistawi hufidia zote. Shirika la ARD, lililoundwa Boston mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot, liliweka dola 70,000 katika Digital Equipment mwaka 1957, na fedha hizo zikazaa mamia ya mamilioni. Kwa hiyo anayeamua nani apewe mbegu ndiye anayeamua viwanda vya kesho vitakuwa vya nani.

Doriot alikuwa mwalimu katika Shule ya Biashara ya Harvard, na vijana kadhaa aliowachukua kazini walitoka darasani mwake. Shule hiyo haikupokea wanawake katika kozi yake kamili ya miaka miwili hadi mwaka 1963. Hapakuhitajika kanuni ya kuwazuia kwenye mitaji. Walikwisha zuiwa shuleni. Benki nazo ziliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu ni mwanamke, hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1974.

Lakini jambo kubwa zaidi, ambalo wengi hulipita haraka, ni la mwaka 1979. Mwaka huo Wizara ya Kazi ya Marekani ilifafanua upya kanuni ya uangalifu, na mifuko ya pensheni ikaweza kuweka sehemu ya akiba zake katika mitaji ya ubia. Katika miaka ya 1980 ikawa chanzo kikubwa kuliko vyote. Fedha hizo ni za nani? Ni za walimu, wauguzi na makarani, yaani jasho la wafanyakazi ambao wengi wao ni wanawake. Waliozigawa, na kujichukulia kwa kawaida asilimia 20 ya faida, walikuwa wanaume karibu wote.

Wapo wanawake waliopenya. Ann Winblad, kwa mfano, alianzisha kampuni ya mitaji pamoja na John Hummer mwaka 1989. Hata hivyo, utafiti wa Chuo cha Babson uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake, waliokuwa asilimia 10 ya wabia mwaka 1999, walikuwa wameshuka hadi asilimia 6. Na hiyo ni miaka ambayo vyuo vya Marekani viliandikisha wanawake wengi kuliko wanaume!

Sababu imo katika muundo. Wabia ni wachache, hukaa miaka mingi, na humchagua mwenzao wao wenyewe. Msichana anaweza kuajiriwa, akaandika ripoti nzuri, asipewe kura. Tusichanganye kuwamo na kuamua.

Tangu mwaka 2018 shirika la All Raise limekuwa likipigania wanawake wawe wabia wenye kura, na idadi imepanda tena. Lakini kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao bado hupata kama dola 2 tu katika kila 100. Wadhamini wa mifuko ya pensheni wanaweza kuhoji jambo hili kabla ya kutia sahihi. Wakishatia, akiba ya mwalimu imefungwa kwa miaka 10 hivi.