Vuli si Mvua Ndogo

Mwulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam au Tanga ni mvua ipi ya kuogopa, naye atakujibu bila kufikiri: masika. Vuli, atakwambia, ni mvua ndogo. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na kamusi nazo zinasema hivyo hivyo. Leo nabisha, na ushahidi wangu ni kalenda.

Kwanza tuwape wazee wa mwambao haki yao. Walizijua hali za majimaji kwa majina. Kusi ikianza, masika inamwagika, Machi hadi Mei. Kipupwe kina baridi yake na mvua yake nyepesi ya mchoo. Halafu, kaskazi haijashika sawasawa, ndipo vuli, Oktoba hadi Desemba. Na humo ndani mna manyunyu ambayo hata shati hayalowanishi, mna rasharasha, mna kungugu la alfajiri na umande wa shambani. Hata Wazungu, neno lao la pepo hizi wamelichota katika Kiarabu kile kile kilichotupa sisi neno msimu.

Lakini elimu ile ilikuwa ya nahodha na mkulima. Ilijibu swali la lini kutweka tanga na lini kupanda. Kwa mkulima wa pwani vuli ni ndogo kweli, maana kwa kawaida jumla yake haifikii ya masika. Waingereza nao walipoanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, vipimo vyao vilikubaliana na wazee: wastani wa vuli ni mdogo. Hapo ndipo tulipolala. Wastani hukusanya mwaka wa kiu na mwaka wa gharika, ukakuonyesha mwaka mmoja mpole ambao pengine haujapata kutokea.

Fungueni kalenda. Mwaka 1961, baada ya ukame na njaa, vuli ilinyesha kama iliyokuwa ikilipa deni. Tanganyika ilipandisha bendera yake Desemba 9 mwaka huo nchi ikiwa imelowa chapachapa. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ile Elnino tunayoisimulia mpaka leo, ya 1997, ilianza na vuli, ikavuka hadi 1998. Barabara ya Mombasa na Nairobi ikakatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya. Mafuriko ya Dar es Salaam yaliyoua watu zaidi ya 40, yakawahamisha wakazi wa mabondeni kwenda Mabwepande, yalikuwa Desemba 2011. Maporomoko ya West Pokot ni Novemba 2019. Tope na mawe ya Mlima Hanang yaliyoifukia Katesh na kuua zaidi ya watu 80 ni Desemba 3, 2023. Miezi hiyo yote ni ya vuli.

Mvua hii hii hugeuka ikatoweka. Mwaka 2021, na tena 2022, Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji, mwezi ambao ndoo zilipaswa kukinga maji ya paa.

Sababu iko baharini. Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyopinda kama mizani: upande wetu ukipata joto kuliko kawaida na ule wa Sumatra ukipoa, mawingu huhamia kwetu, na vuli huvimba. Mizani ikielemea kule, sisi tunakaukiwa. Elnino mara nyingi huisukuma mizani hiyo, lakini si kila mara kwa nguvu ile ile. Mwaka 2015 Wakenya walitahadharishwa juu ya Elnino, mvua ikaja ya kadiri, na watu wakawacheka watabiri. Mimi sikucheka.

Kwa maana ajabu yenyewe ni hii: kwa kuwa bahari hubadilika polepole, vuli ndiyo iliyo rahisi zaidi kutabiri. Masika huwasumbua wataalamu kuliko vuli. Mwelekeo wa vuli hutangazwa mapema, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti. Tunao muda wa kuzibua mitaro. Ila msikilizaji akishasikia neno vuli, moyo umetulia.

Na lugha ya matangazo haimsaidii. Akisikia "mvua kubwa", aelewe ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Basi nyumba yenye paa la mita 10 kwa 10 itamwaga lita 5,000 kwa siku moja, yaani mapipa 25 ya lita 200. Zidisheni kwa mapaa yote kutoka Pugu hadi Jangwani, kisha mfikirie kwamba maji hayo yanatafuta mto mmoja, Msimbazi.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitaigeukia masika yenyewe, hasa ile ya 2024 iliyoyazamisha mashamba ya Rufiji.