Treni ya Jumapili na Mlima Uliofungwa

 Safari hii tunaleta historia ya mbali kidogo, ya Uingereza, lakini someni mpaka mwisho, mtaona kwa nini tumeichagua. Ni habari ya vijana wa umri wetu waliotoka mjini siku ya Jumapili kwenda kutembea mlimani na kurudi jioni. Kwa sababu ya matembezi hayo, watano walifungwa gerezani.

Kwanza tuseme ukweli. Kwa wengi wetu, mtu kupanda mlima bila mzigo kichwani, bila shamba kule juu, bila soko upande wa pili, ni jambo la kushangaza. Ndugu zetu Warundi wakiulizwa kwao ni wapi, wanataja kilima, maana kule kilima ndiyo anwani. Wale wa Uvira na Fizi wamekua wakiiona milima imesimama nyuma ya nyumba na ziwa liko mbele. Mlima tunaujua kwa kulima, kwa kuchunga, na wengine kwa kukimbia usiku. Sasa kupanda kwa raha tu, halafu kushuka ukalale nyumbani? Tulipoanza kuisoma habari hii baadhi yetu tulicheka. Tulipofika kwenye hukumu, kicheko kiliisha.

Twende Manchester, mwaka 1932. Huu ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na moshi wa makaa ya mawe ulikuwa juu ya nyumba kila siku. Ng'ambo ya milima kuna Sheffield, mji wa chuma. Kati ya miji hiyo miwili kuna nyanda za juu zinazoitwa Peak District, na sehemu yake ya juu kabisa ni Kinder Scout, mita 636. Kwa mtu aliyeiona Rwenzori, hicho ni kilima tu. Lakini kwa kijana aliyeshinda wiki nzima ndani ya kiwanda, kule juu kulikuwa na hewa. Na miaka ile hata kiwanda chenyewe kilikuwa cha bahati. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929, na vijana wengi walikaa bila kazi wala pesa.

Kilichowafungulia njia ni treni. Reli ilifika kijiji cha Hayfield, chini ya Kinder, mwaka 1868. Upande wa pili wa mlima, kituo cha Edale kilifunguliwa 1894. Kampuni za reli ziliuza tiketi za bei nafuu za kwenda na kurudi siku za mapumziko, na Jumapili mabehewa yalijaa wafanyakazi waliovaa viatu vizito, na mkate kwenye mfuko. Hakuna aliyehitaji gari wala hoteli. Asubuhi unapanda treni, unatembea mchana kutwa, jioni unarudi, na kesho yake uko kazini.

Lakini tiketi ilikufikisha kituoni, basi. Ukitoka kituoni unakuta mlima umefungwa.

Umefungwa na nani? Zamani sehemu kubwa ya ardhi ile ya juu ilitumiwa na wanakijiji kwa pamoja, kuchungia mifugo na kuchimba udongo mweusi wa kuwashia moto. Katika karne ya 18 na ya 19, bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi za kuigawa ardhi ya namna hiyo na kuikabidhi kwa wenye mashamba makubwa. Matajiri wakaifanya ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale, kwa siku chache tu za mwaka. Siku nyingine zote walinzi wenye fimbo walizunguka kumfukuza yeyote asije akawashtua ndege. Kule Kinder kulikuwa na njia moja iliyoruhusiwa kuvuka pembeni mwa mlima, nayo ilipatikana mwaka 1897 baada ya watu kuidai kwa miaka. Ukiifuata, sawa. Ukitoka hatua kumi pembeni, umeingia ardhi ya mtu.

Msidhani watu walinyamaza. Mwaka 1884 mbunge James Bryce alipeleka bungeni muswada wa kuwaruhusu watu kutembea kwenye milima ya Uskoti. Ulikataliwa. Ukarudishwa kwa sura nyingine mara nyingi, na kila mara ukafa. Vyama vya watembeaji viliandika barua, vikakutana na wenye ardhi, vikasubiri. Miaka karibu 50 ilipita namna hiyo.

Halafu akaja kijana mmoja, Benny Rothman. Alikuwa na miaka 20. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka Romania, yeye akazaliwa Manchester. Yaani mtoto wa wageni, kama wadogo zetu wengi waliozaliwa huku. Alikuwa katika chama cha michezo cha wafanyakazi vijana, chenye uhusiano na wakomunisti. Wakati wa Pasaka ya 1932 kikundi chao kilikuwa kimepiga kambi karibu na milima ile, wakatoka kwenda kutembea, na walinzi wakawarudisha. Vijana wakaulizana: leo tuko wachache ndiyo maana wameturudisha. Tukija mamia, watatufanya nini?

Wakatangaza siku: Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932. Polisi nao wakasikia. Siku hiyo walimsubiri Rothman kwenye kituo cha treni cha Manchester wamzuie. Kumbe yeye na mwenzake walikuwa wameshaondoka kwa baiskeli! Wakafika Hayfield, wakakuta mamia ya watu wameshakusanyika. Mkutano ulipokatazwa kwenye uwanja wa kijiji, wakahamia kwenye machimbo ya mawe ya zamani nje kidogo ya kijiji. Msemaji aliyepangwa hakuhutubia, basi Rothman akapanda juu ya jiwe akasema yeye. Watu kama 400 wakaanza kupanda, wakiimba. Njiani wakatoka kwenye njia iliyoruhusiwa, wakapanda mteremko. Walinzi wachache wakawazuia, wakasukumana, mlinzi mmoja akaumia kifundo cha mguu. Juu wakakutana na wenzao waliotokea upande wa Sheffield. Wakapongezana, wakashuka. Waliporudi Hayfield, polisi walikuwa wanasubiri.

Vijana sita wakapelekwa mahakamani, na kesi ikasikilizwa Derby mwezi Julai. Wengi wa wazee wa baraza la mahakama walikuwa wenye mashamba na maofisa wa jeshi. Shtaka halikuwa la kutembea kwenye ardhi ya mtu, maana kwa sheria yao kosa hilo peke yake halikuwa la kumfunga mtu. Walishtakiwa kwa kufanya fujo. Watano wakafungwa, kati ya miezi 2 na 6. Rothman alipata miezi 4.

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu habari hii mara nyingi inasimuliwa kama hadithi ya shujaa mmoja. Vyama vikubwa vya watembeaji havikufurahi. Viongozi wake walisema vijana hawa wameharibu kazi ya miaka mingi ya mazungumzo. Lakini hukumu ile iliwaudhi hata waliokuwa wanawapinga. Wiki chache baada ya matembezi yale, maelfu ya watu walikutana kwenye bonde la Winnats, upande wa pili wa Kinder, kudai haki hiyohiyo. Vijana walilifanya jambo lisikike, na wale wa barua wakawa na watu wa kuwaunga mkono. Hata hivyo, ushindi haukuja kesho yake. Sheria iliyopita mwaka 1939 ilikuwa dhaifu. Ikaja vita ya dunia. Mwaka 1949 ndiyo ikapatikana sheria ya hifadhi za taifa, na tarehe 17 Aprili 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza. Haki ya watu wote kutembea kwenye ardhi ya wazi ya milimani iliandikwa kwenye sheria ya mwaka 2000. Kutoka 1932 mpaka hapo ni miaka 68. Na mwaka 2002, kwenye kumbukumbu ya miaka 70, mtawala wa ukoo wa Devonshire, ambao babu yao alikuwa mmoja wa wenye ardhi ile, alisimama mbele ya watu akaomba radhi. Rothman alikuwa ameshafariki miezi michache kabla.

Reli ya Hayfield ilifungwa mwaka 1970. Edale bado treni inasimama, na watu bado wanashuka asubuhi na kupanda jioni.

Sasa sisi inatuhusu nini? Mwaka uleule wa 1951, tarehe 28 Julai, kule Geneva mataifa yalipitisha Mkataba wa Wakimbizi. Kifungu cha 26 kinasema mkimbizi aliyeko nchini kihalali atembee huru, kwa masharti yaleyale ya wageni wengine. Imeandikwa. Lakini nchi zinaitekeleza tofauti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea, ingawa kwa mipaka. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka awe na kibali kabla ya kutoka eneo alilopangiwa. Kakuma, Kenya, ilifunguliwa 1992, na Nyarugusu, Tanzania, 1996. Mtoto aliyezaliwa kule mwanzoni leo ni mtu mzima mwenye watoto. Basi linapita barabarani, nauli pengine anayo, na vilima anaviona kwa macho. Kama vijana wa Manchester wangekuwa na tiketi lakini treni yenyewe hairuhusiwi kuwabeba, ndiyo ingekuwa sawa na hali yake.

Tusieleweke vibaya. Hatumwambii mtu aruke uzio. Wale wa Kinder walikuwa raia, wakitoka gerezani walirudi nyumbani kwao. Mkimbizi akikamatwa nje bila kibali hatari yake ni nyingine kabisa, na kila mtu hapa anamjua aliyewahi kuiona. Lakini tunachukua mambo mawili. La kwanza: waliodai kwa barua na waliodai kwa miguu walihitajiana, hata kama walilaumiana. Anayeketi kwenye mikutano na wakubwa asimwone anayepaza sauti kuwa ni mkorofi, na anayepaza sauti asimwite mwenzake msaliti. La pili: walichokidai hakikuwa mkate wala kazi, ingawa vyote walivikosa. Walidai siku moja ya kutembea. Na hawakuona aibu kusema kwamba mtu maskini naye anahitaji siku hiyo.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba hili. Mtu akiomba kibali kwa sababu ya hospitali, kila mtu anaelewa. Vijana wakiomba gari moja na mwalimu mmoja waende kuona mlima wanaoutazama tangu utotoni, wanaambiwa hiyo ni anasa. Msiseme hivyo. Mkiandika mipango ya vijana, andikeni na hiyo safari, ombeni vibali mapema, kwa kundi zima, kwa utaratibu. Mkikataliwa, andikeni tena mwaka unaofuata.

Na nyinyi vijana, kuna kazi isiyohitaji kibali. Kule Uingereza, njia inaweza kutambuliwa kuwa ya watu wote ikithibitishwa kwamba imetumika miaka mingi, na ushahidi wa wazee unahesabika. Basi kaeni na wazee wenu jioni moja, waulizeni njia za kwao: ipi ilipanda kilima, ipi ilikwenda mtoni, ipi ilikwenda sokoni, na nani alizipita. Andikeni majina yake kwenye daftari. Siku ya kurudi, kuna atakayewauliza mnajuaje kwamba hapo palikuwa na njia.