Historia ya 'hisabati mpya' na funzo lake kwa sekondari msingi

MJADALA kuhusu wanafunzi wa Gredi ya 9 na mikondo watakayofuata katika sekondari pevu umetawaliwa na mambo mawili: maabara na walimu. Kila mzazi anauliza iwapo shule fulani ina vifaa vya masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni maswali ya haki. Lakini lipo swali la tatu ambalo ni nadra kulisikia: je, mtoto huyu anaielewa hisabati kwa lugha gani?

Wanaodhani kwamba hili ni suala dogo wanafaa kurejelea historia. Si mara ya kwanza kwa taifa letu kutaka kuwaandaa vijana wa umri huu kwa sayansi ya juu.

Mnamo Oktoba 4, 1957, Muungano wa Kisovieti ulirusha angani setilaiti ya Sputnik. Marekani ilishtuka. Mwaka uliofuata, bunge lake lilipitisha sheria ya kufadhili elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na kundi la wanahisabati likaanza kuandika vitabu vipya chini ya Edward Begle wa Chuo Kikuu cha Yale. Miongoni mwa vitabu vyao vya mwanzo ni vile vya wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 14. Hoja yao ilikuwa na mashiko: mtoto akikariri kanuni bila kujua sababu zake, akifika chuo kikuu atakuwa amechelewa. Hapo ndipo 'hisabati mpya' iliyoanza na seti na mantiki ilipopata nguvu.

Wazo hilo halikukawia kufika kwetu. Mnamo 1962, wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza. Baadaye hapa Afrika Mashariki vikaja vitabu vya SMEA, vilivyofuata mfano wa mradi mwingine wa Uingereza.

Mimi ni wa kizazi kilichoisoma hisabati hiyo katika miaka ya 1970. Nakumbuka mwalimu wetu (shule siitaji) akitusomea maana ya seti kutoka kitabuni, neno kwa neno, nasi tukinakili. Aliyethubutu kuuliza swali alisomewa tena sentensi ileile, kwa Kiingereza kilekile. Tulifaulu mtihani baadhi yetu. Kuelewa kulikuja baadaye, na kwa wengine hakukuja kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliiondoa hisabati mpya shuleni. Lawama zilikuwa nyingi: ati walimu hawakuandaliwa, wazazi hawakuweza kuwasaidia watoto na kazi ya nyumbani, wanafunzi walijua kuchora seti lakini wakashindwa kukokotoa. Lawama hizo zina ukweli. Ila naona zinaacha kiini cha mambo.

Mnamo 1967, John Gay na Michael Cole walichapisha utafiti wao kuhusu hisabati na jamii ya Wakpelle wa Liberia. Waliwaonyesha watu bakuli lenye mchele, wakawataka wakadirie ni vikombe vingapi. Wakpelle watu wazima ambao hawakuwa wamesoma walikadiria vizuri mno. Wamarekani waliopewa kazi hiyohiyo walikosea kwa mbali. Lakini watoto wa Wakpelle haohao, wakiwa darasani, walikariri tu. Hisabati ya nyumbani ilikuwa na maneno yake na ya shuleni ilikuwa na yake, na hakukuwa na daraja baina ya hizo mbili.

Daraja hilo kwetu lipo. Chukua neno 'mlinganyo'. Linatokana na kulingana. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 akiambiwa kwamba 3x + 5 = 20 ni mlinganyo, hatashangaa kusikia kuwa ukitoa 5 upande huu sharti utoe 5 upande ule; la sivyo pande hizo hazitalingana tena. Neno lenyewe limekwisha kumfundisha nusu ya somo.

Au chukua 'kipenyo', mstari unaopenya duara kupitia katikati yake, na 'mzingo', urefu wa kulizunguka. Mpe mwanafunzi sufuria na uzi. Apime mzingo, apime kipenyo, kisha agawanye. Arudie kwa kikombe na kwa beseni. Kila mara atapata tatu na zaidi kidogo, na hapo mwalimu ana nafasi ya kumwambia kwamba watu wameifukuzia namba hiyo kwa maelfu ya miaka.

Nitaambiwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza na sayansi ya juu ni ya Kiingereza. Sawa. Sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema dhana ifunguliwe kwanza kwa lugha anayoielewa mtoto, kisha apewe jina lake la Kiingereza akiwa anajua analolitaja.

Jirani zetu Tanzania wanafundisha hisabati ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na mnamo 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hivyo kisingizio cha ukosefu wa istilahi hakina msingi. Hata hivyo, mtoto wa huko akiingia Kidato cha Kwanza hukutana na Kiingereza ghafla, na maneno yale akayaacha mlangoni. Wao huyatoa kisha wakayanyang'anya. Sisi hatuyatoi kabisa.

Ninachopendekeza hakihitaji mabilioni. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iagize kila kitabu cha hisabati na sayansi cha Gredi ya 7 hadi 9 kiwe na faharasa ya istilahi za Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa hisabati waketi pamoja, hata kama ni mara moja kwa muhula, wazipitie. Kila mwaka kuna watoto watakaoamua kwamba sayansi si yao. Kabla hawajaamua, tuhakikishe kwamba walichokikataa ni sayansi yenyewe, wala si sentensi ambayo hakuna aliyewafafanulia.