Feni tulivu: Jinsi ya kupoza tarakilishi bila kuwanyima watu usingizi

KATIKA nyumba nyingi za Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi, chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jikoni na ndicho mahali pa kulala. Tarakilishi ya mezani inapoingia katika chumba kama hicho, aghalabu ikiwa imeundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja, huwekwa hatua chache tu kutoka kitandani.

Mchana sauti yake humezwa na redio, cherehani na kelele za watoto vichochoroni. Usiku mambo hubadilika. Mwanafunzi anapobaki macho akikamilisha kazi yake huku wengine wamelala, feni ya mashine hiyo huvuma kama kinu cha kusaga unga, na ukuta wa mabati au wa udongo haumkingi jirani na mvumo huo. Tatizo hili lilijitokeza wazi shule zilipofungwa nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2020 kutokana na janga la korona, na vyumba vya kulala vikageuka madarasa na ofisi.

Hapo ndipo hutokea kosa ambalo huwagharimu wengi: waya wa feni inayopiga kelele huchomolewa ili watu wapate usingizi. Utulivu hupatikana usiku ule ule, lakini joto hubaki ndani ya kasha. Vichakataji vya kisasa vina kinga yao, kwani hujipunguzia kasi au huzima mashine vinapokaribia nyuzi 100 za selisiasi. Vipuri vingine havina bahati hiyo. Diski kuu na kapasita zilizo kwenye ubao mkuu huendelea kukaangika polepole bila kutoa onyo. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita za aina ya kawaida hupungua kwa nusu.

Hata hivyo, si lazima mtu achague kati ya usingizi na mashine yake. Hatua zile zile zinazoituliza feni, zikifanywa ipasavyo, ndizo zinazoipoza tarakilishi vyema zaidi.

Joto na hewa ya Nairobi

Karibu umeme wote unaoingia katika tarakilishi hatimaye hugeuka kuwa joto. Mashine inayotumia wati 100 hutoa joto sawa na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Kazi ya feni si kutengeneza baridi, bali ni kuiondoa hewa iliyopata moto na kuingiza hewa ya chumbani mahali pake. Kwa sababu hiyo, hakuna feni inayoweza kuifanya mashine iwe baridi kuliko chumba ilimo. Chumba chenye paa la mabati hupata moto sana jua la adhuhuri linapokuwa kali, hasa miezi ya Februari na Machi, na joto hilo lote huongezwa juu ya lile la mashine.

Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu asilimia 18 joto likiwa sawa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi. Ili kuondoa wati 100 huku hewa ndani ya kasha ikizidi ya nje kwa nyuzi 10 pekee, mashine iliyoko Kibera huhitaji takriban lita 10 za hewa kila sekunde, ilhali ile iliyoko Mombasa huhitaji kama lita 8 na nusu. Nafuu ya Nairobi ni kwamba hewa yake kwa kawaida huwa baridi zaidi. Lita 10 kwa sekunde si nyingi: feni moja pana inayozunguka taratibu huweza kuzipitisha, mradi njia yake haijazibwa.

Chanzo cha kelele

Kelele za feni hutokana na mambo matatu. La kwanza ni hewa yenyewe, inayokatwa na mapanga ya feni na kugonga vizuizi kama vile nyaya na vyuma vyenye matundu madogo. La pili ni beringi iliyochakaa au kukauka mafuta, ambayo hukwaruza. La tatu ni mtetemo, unaotoka kwenye feni na kulifanya kasha zima la chuma litetemeke kama ngoma.

Kati ya hayo, kasi ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Kasi ya feni inapopunguzwa kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa takriban nusu, lakini sauti hushuka kwa desibeli zipatazo 15. Feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja huongeza desibeli 3 pekee juu ya sauti ya moja. Maana yake ni kwamba feni mbili zinazozunguka kwa nusu ya kasi huweza kusogeza hewa karibu sawa na feni moja inayozunguka kwa kasi kamili, huku kelele zikiwa pungufu kwa desibeli kama 12. Hii ndiyo siri yote ya tarakilishi tulivu: feni pana, zinazozunguka polepole.

Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Feni ndogo iliyochakaa ikiwa karibu na kitanda hupita kiwango hicho kwa urahisi.

Kuchagua feni

Kabla ya kwenda kununua katika maduka ya barabara ya Luthuli katikati ya jiji, au kutafuta kipuri kilichotumika, ni vyema kupima kasha kwa rula. Umbali kati ya matundu mawili ya skrubu yaliyo upande mmoja hueleza ukubwa wa feni inayofaa: milimita 71.5 ni feni ya milimita 80, milimita 82.5 ni ya 92, na milimita 105 ni ya 120. Kasha linapokubali feni ya 120, hakuna sababu ya kuchukua ndogo zaidi.

Beringi za aina ya kawaida ni rahisi kwa bei, lakini hukauka upesi, hasa feni inapolazwa ikitazama juu au chini. Zile za mipira midogo ya chuma hudumu, ingawa huwa na mlio kidogo. Zile zinazoelea juu ya mafuta yaliyofungiwa ndani ndizo tulivu na hudumu muda mrefu. Kwa feni iliyotumika, jaribio ni jepesi: izungushwe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza, au ikisimama ghafla badala ya kupungua taratibu, iachwe dukani.

Kichwa cha waya nacho kiangaliwe. Feni nyingi huwa na matundu matatu au manne. Tundu la nne hupokea ishara kutoka kwa ubao mkuu ya kupandisha na kushusha kasi kulingana na joto. Feni ya matundu manne huingia pia katika kichwa cha pini tatu. Wanaotumia mashine za ofisi zilizoingia nchini kama mitumba wawe waangalifu, kwa kuwa baadhi ya zile za Dell, mathalani, zina vichwa vya waya visivyolingana na vya kawaida.

Kuifunga

Kabla ya kufungua kasha, mashine ichomolewe kabisa kutoka kwa stima, kisha fundi aguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Sanduku la umeme, ambalo mafundi huliita pawa saplai, halifai kufunguliwa nyumbani hata kama feni yake ndiyo inayolia, kwani kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme.

Hewa ina njia yake. Feni ya kuingiza huwekwa mbele, upande wa chini, na ya kutoa huwekwa nyuma, upande wa juu, kwa kuwa hewa moto hupaa. Feni hupuliza kuelekea upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia kitovu chake. Nyingine zina mshale pembeni unaoonyesha mwelekeo. Feni mbili zikielekezwa vibaya hupambana, na kelele huongezeka bila faida yoyote.

Kasha lisilo na nafasi ya feni pana laweza kukatwa na fundi wa jua kali. Ni sharti ubao mkuu na vipuri vyote vitolewe kwanza, kwani chembe moja ya chuma ikibaki juu ya ubao yatosha kuuunguza mara stima inapowashwa.

Ili kuzuia mtetemo, vipande vya mpira hukatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli na kuwekwa kati ya feni na chuma kwenye kila pembe, kisha skrubu hukazwa kwa kiasi tu. Kasha lenyewe laweza kuwekwa juu ya vipande vinene vya mpira huo huo. Nyaya zifungwe pamoja na kusogezwa kando ili zisiguse mapanga wala kuziba njia ya hewa.

Kupunguza kasi kwa usalama

Njia bora ni kuuachia ubao mkuu kazi hiyo kupitia mipangilio ya bayosi, ambako mwenye mashine huchagua kasi kulingana na joto. Kichwa cha feni kwenye ubao kwa kawaida huvumilia mkondo wa ampea 1 tu, hivyo haifai kuunganisha feni nyingi mahali pamoja bila kujumlisha mikondo iliyoandikwa juu ya vibandiko vyake.

Feni ya kawaida hutumia volti 12. Baadhi ya mafundi huiunganisha kati ya waya wa manjano wenye volti 12 na mwekundu wenye volti 5 ili ipate volti 7. Ujanja huo huituliza feni, lakini hurudisha mkondo katika njia ya volti 5 inayolisha vipuri vingine, na hitilafu ikitokea hasara ni kubwa. Waya mfupi wenye kizuizi cha umeme ndani yake, unaouzwa kwa ajili ya kazi hiyo, ni salama zaidi. Volti zikishushwa mno, feni nyingine hushindwa kuanza kuzunguka, kwa hivyo yafaa mashine iwashwe na kuzimwa mara kadhaa ili kuhakikisha feni inaanza kila mara.

Adui aitwaye vumbi

Katika vichochoro visivyo na lami, wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Ndani ya nyumba huchanganyika na masizi ya jiko la makaa na ya koroboi, yakawa utando wenye kunata juu ya mapanga na mabamba ya kupoza kichakataji. Hewa huzibwa, joto hupanda, ubao mkuu huamuru feni izunguke kwa kasi zaidi, na kelele hurudi. Mara nyingi feni inayolaumiwa haina kosa; inapigania pumzi tu.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, mashine isafishwe kwa brashi laini na kavu, huku mapanga yakishikiliwa kwa kidole yasizunguke. Kupuliza kwa mdomo hakufai kwa sababu pumzi ina unyevu. Pesti iliyo kati ya kichakataji na bamba lake ikiwa imekauka, ipanguswe na mpya ipakwe kiasi cha punje ya mbaazi. Kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kikifunikwa mbele ya feni ya kuingiza huzuia vumbi jingi, mradi kifuliwe kila baada ya wiki chache. Kasha lisiwekwe sakafuni wala karibu na jiko.

Kupima matokeo

Kazi haijakamilika mpaka joto lipimwe. Programu ya HWMonitor kwa wanaotumia Windows, au lm-sensors kwa wanaotumia Linux, huonyesha nyuzi za kichakataji. Kipimo kichukuliwe kabla ya kubadilisha feni na baada yake, saa sita mchana mabati yanapokuwa moto, huku mashine ikifanya kazi nzito kwa nusu saa. Ikiwa kichakataji kinabaki chini ya nyuzi 80, kuna nafasi ya kupunguza kasi zaidi. Kikizidi 90, kasi iongezwe au njia ya hewa ichunguzwe upya. Moshi wa ubani ukisogezwa karibu na matundu ya mbele huonyesha kama kweli hewa inavutwa ndani.

Mashine iliyopita jaribio la adhuhuri haitakuwa na shida usiku, wakati baridi ya Nairobi inapoingia na feni kupunguza mwendo zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba: kipande cha tyubu, soksi iliyofuliwa na feni moja pana vinatosha kumwezesha mwanafunzi kusoma hadi usiku wa manane bila kumwamsha mtoto aliyelala kando yake, na bila kuiunguza mashine ambayo familia iliinunua kipuri baada ya kipuri.